Kunduchi, Kilwa na Preslav: Nani Aliamua Lugha Iandikwe?

Nyuma ya hoteli za ufukweni Kunduchi, Kinondoni, pana magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Nguzo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Nyingi zimetoweka, yamebaki mashimo ya duara. Maandishi ya makaburini ni ya Kiarabu, ilhali nyumbani watu wakisema Kiswahili.

Ndivyo ilivyokuwa Bulgaria pia. Khan Omurtag, aliyetawala kuanzia 814 hadi 831, alichongesha sifa zake kwenye mawe kwa Kigiriki, lugha ya mahasimu wake wa Konstantinopoli. Mwaka 886 wakapokewa Bulgaria Kliment na Naum, wanafunzi wa mmisionari Methodius waliofukuzwa Moravia. Mtawala wa Bulgaria, Boris wa Kwanza, akawapa kazi ya kufundisha mapadri kwa Kislavoni. Mwanawe Simeon akaineemesha shule ya Preslav, na herufi za Kisirili zikaota mizizi. Mtawala aliamua, hazina ikalipa.

Tukirudi pwani ya Waswahili, Kilwa nayo haikukosa uwezo. Msafiri Ibn Battuta aliitembelea 1331, dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa mji huo. Hata sarafu zake za shaba zilikuwa na vina: upande mmoja Mungu anatajwa kwa sifa, upande wa pili jina la sultani, na mwisho wa pande zote mbili unalandana. Watu waliotia ushairi mpaka kwenye hela! Lakini vina vyenyewe ni vya Kiarabu, na tarehe ya mji, Kitab al-Sulwa, nayo ni ya Kiarabu.

Kiswahili kiliingia kwenye karatasi bila mpango wa mtawala. Barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, kwenye nyaraka za Wareno. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, kisa cha vita vya Waislamu na Herakli, kaisari wa Konstantinopoli ileile. Ikulu ya Pate iliomba utenzi huo, lakini shule haikujengwa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye herufi. Wanafunzi wa Methodius walikuwa na alama kwa kila sauti ya Kislavoni. Mwandishi wa Pate alitumia alama moja kwa e na i, moja kwa o na u, na p mara nyingi akaiandika kwa herufi ya b. Msomaji ilibidi awe anaijua lugha kabla ya kufungua karatasi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuja kurekebisha alama hizo mwishoni mwa karne ya 19, zama ambazo wamisionari walikuwa tayari wanachapa vitabu kwa herufi za Kilatini.

Miswada mingi ilikaa masandukuni mwa familia. Mtafiti J. W. T. Allen aliizungukia pwani akiikusanya kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Orodha yake ilichapishwa 1970. Kuisoma miswada hiyo bila kukwama kunahitaji mtu aliyepita madrasa na anayekijua Kiswahili cha Lamu na Pate.