Mkate wa Mahindi wa Meksiko

Sisi tunaokula bukari ya mahindi hatuulizi mara nyingi: mahindi haya yametoka wapi? Babu zetu wa zamani hawakuyajua. Asili yake ni nchi ya Meksiko, ng'ambo ya bahari kuu. Yalifika Afrika baada ya Wazungu kuivuka bahari hiyo. Lakini wenyeji wa Meksiko hawasongi bukari. Wao hufanya mkate mwembamba wa mviringo, uitwao tortilla. Historia yake ina fundisho kwetu.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Mama huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa, kisha huyaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi huyaosha, maganda yakatoka, akayasaga juu ya jiwe mpaka yawe kinyunga laini. Hutwaa donge dogo, hulipigapiga kwa viganja mpaka liwe bapa, akalioka juu ya kikaango cha udongo. Zamani mama alipiga magoti mbele ya jiwe lile tangu alfajiri, kwa saa nyingi, kila siku. Katika karne ya 20 vinu vya mashine vilimpunguzia taabu hiyo.

Mkate huo ni chakula, tena ni kijiko: kwa kipande chake watu huchota maharagwe, na ndani yake hukunja nyama na pilipili. Uliolala hautupwi, hukaangwa na kutiwa katika mchuzi.

Wahispania walifika mwaka 1519. Wao walizoea mkate wa ngano, na mapadri walihitaji ngano kwa Hostia. Juan Garrido, Mkristo mweusi mzaliwa wa Afrika, aliandika mwaka 1538 kwamba yeye ndiye wa kwanza kupanda ngano katika nchi ile. Wageni wengi waliona mahindi kuwa chakula duni. Lakini Padri Bernardino de Sahagún, Mfransisko aliyefika mwaka 1529, hakudharau. Aliketi na wazee wa nchi, akauliza, akaandika kwa lugha yao hata aina za mikate iliyouzwa sokoni.

Ulaya walichukua mbegu, wakaacha chokaa. Basi mwaka 1735 mganga Gaspar Casal aliona katika wakulima maskini wa Hispania ugonjwa mpya: ngozi iliungua kwa jua, tumbo liliharibika, akili ikapotea. Ndio pelagra. Iliua watu wengi Italia, na baadaye kusini ya Marekani. Mwaka 1937 tu ndipo wataalamu walipotambua vitamini inayoiponya. Mahindi yanayo vitamini hiyo, lakini imefungwa ndani yake, chokaa huifungua. Kwa hiyo mama wa Meksiko, asiyejua neno vitamini, alilinda watoto wake kwa desturi aliyopokea kwa mama yake.

Ndugu, tusidhani kwamba hekima hukaa katika vitabu peke yake. Hukaa pia jikoni, katika mikono ya mama zetu. Kabla ya kuiacha desturi yao, tuwaulize sababu yake. Kuuliza si ujinga. Wale maskini wa Ulaya walikufa wakiwa na mahindi ndani ya chungu, kwa sababu waliowaletea mbegu hawakumwuliza mama aliyeipika.