Chipu za simu: Marekani na China zinagombania nini?

Kila tunaposoma kwenye taarifa ya habari kwamba Marekani imeizuia China kununua chipu, wasikilizaji hutuuliza: chipu ni kitu gani, na ugomvi huo unatuhusu nini? Tueleze hapa taratibu.

Chipu ni nini?
Ni kipande kidogo cha silikoni, ambayo hutokana na mchanga. Juu yake huchorwa njia za umeme nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho. Chipu ndiyo ubongo wa simu. Bila hiyo hupigi simu wala hutumi pesa. Magari, mashine za hospitali na makombora ya vita navyo huzitegemea.

Nani anazitengeneza?
Hakuna nchi inayofanya kazi yote peke yake. Nvidia na Qualcomm za Marekani hubuni chipu, lakini hazina viwanda vya kuzitengeneza. Kazi hiyo hufanywa zaidi na TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Morris Chang. Inakadiriwa kuwa asilimia 90 hivi ya chipu za kisasa kabisa hutoka Taiwan, kisiwa ambacho China inasema ni mali yake. Na mashine za kuchora chipu hizo kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi.

Kwa hiyo njia ni nyembamba. Anayeshika mlango mmoja anaweza kumfungia mwenzake.

Milango imefungwaje?
Mwaka 2019 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni ya Huawei ya China. Oktoba 2022 ikazuia China kuuziwa chipu za kisasa na mashine za kuzitengenezea, ikihofia zitaimarisha jeshi lake. Uholanzi nayo haijairuhusu ASML kuiuzia China mashine zake bora zaidi.

China haikukaa kimya. Mwaka 2023 ilianza kudhibiti uuzaji nje wa galiamu na jemaniamu, madini yanayotumika kwenye chipu, ambayo yenyewe ndiyo mzalishaji mkuu. Mwaka huo huo Huawei ilitoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa China, jambo lililowashangaza wengi.

Sisi tunaingiaje?
Simu za Tecno, Itel na Infinix ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Nyingi zina chipu za MediaTek ya Taiwan au Unisoc ya Shanghai. Mwaka 2021 chipu zilipoadimika wakati wa korona, viwanda vya magari vilisimama na bei zikapanda. Taiwan ikiingia vitani, uhaba utakuwa mkubwa kuliko ule, na utafika hadi kwenye duka la simu unaponunua yako.

Ndiyo maana habari za Taiwan tunazisoma hata kama ni mbali.