Umeme wa nyumba za zamani Kisangani: kila kipindi kiliacha nyaya zake

Leo tunaeleza historia ya umeme wa nyumbani, kwa sababu historia hiyo bado imo ndani ya kuta zetu. Nyumba nyingi za zamani za mji, za misheni, za mashamba makubwa na za vituo kama Yangambi, zilijengwa wakati wa ukoloni. Baadaye kila kipindi kiliongeza nyaya zake, na mara nyingi zile za mwanzo hazikutolewa. Hatari kubwa iko pale ambapo nyaya za vipindi viwili zinaungana.

Kipindi cha kwanza ni kile cha Stanleyville. Katika miaka ya 1950, utawala wa Wabelgiji ulijenga bwawa na kituo cha umeme kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kaskazini mwa mji. Hadi leo kituo hicho kina mashine tatu, na uwezo wake wote hauzidi megawati 20. Nyumba zilizoungwa wakati ule zilitumia taa chache, redio na pasi. Waya wa shaba ulifunikwa mpira na kitambaa cha pamba, ukapitishwa ndani ya bomba la chuma. Kwenye ubao wa umeme kulikuwa na fyuzi za kauri, ambazo wazee wetu waliziita plomb.

Mpira ule haudumu milele. Joto na unyevu wa kwetu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, huukausha hadi unapasuka na kuanguka kama unga ukiuguswa. Shaba ya ndani inabaki nzima, kwa hiyo taa inawaka na mwenye nyumba anaona kila kitu kiko sawa. Kumbe ndani ya bomba waya uko uchi, na bomba lenyewe ni la chuma. Ukuta ukilowa, mtu anaweza kupigwa na umeme kwa kuugusa tu.

Kipindi cha pili ni cha Zaïre. SNEL, kampuni ya taifa ya umeme, iliundwa mwaka 1970. Mwaka 1973 serikali ilichukua biashara za wageni na kuwapa Wazaïre, na katika miaka iliyofuata vitu vingi vya kutoka ng'ambo vilikuwa adimu madukani. Fyuzi ikiungua, watu walifunga kipande cha waya wa shaba mahali pake, na desturi hiyo ikaendelea hadi leo.

Tuelewe vizuri ubaya wake. Fyuzi imewekwa ili ife ya kwanza. Waya wa milimita mraba 1.5, ambao hutumika kwa taa, unafaa kulindwa na fyuzi ya ampea 10. Ule wa milimita mraba 2.5, wa prizi, unafaa fyuzi ya ampea 16. Ukiweka waya mnene badala ya fyuzi, hakuna kitu kitakachokatika umeme ukizidi. Waya ulio ukutani au juu ya dari ndio utakaopata moto, na dari nyingi za nyumba za zamani ni za mbao.

Kipindi cha tatu ni cha vita. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, wapata 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika, na watu 65,000 walikimbilia misituni. Kituo cha Tshopo nacho kilipata madhara, mji ukakosa umeme na maji. Waliorudi walitengeneza nyumba kwa haraka na kwa walichokuwa nacho: ufa ulipakwa saruji, bati lililotobolewa lilizibwa, waya uliokatika uliungwa kwa mkono na kufungwa utepe wa plastiki. Viungo vya namna hiyo hulegea polepole. Kiungo kilicholegea hupata joto, na maji ya mvua yakikifikia huoza.

Kipindi cha nne ndicho chetu. Mji umepita watu milioni moja, na kituo ni kilekile. Umeme unakuja kwa zamu, na ukitoka mjini kwa barabara ya Buta au ya Lubutu, laini haiendi mbali. Watu wanaongeza jenereta na paneli za jua katika nyumba zilezile. Tena familia moja inapokea ndugu waliokimbia mapigano ya ardhi upande wa Lubunga, na prizi moja inabeba simu kumi, televisheni na jiko la umeme.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue dalili. Prizi yenye moto ukiigusa, harufu ya kitu kinachoungua, weusi kwenye swichi, taa inayofifia pasi ikiwashwa: hizo zote zinasema kiungo au waya umechoka. Kata umeme kwenye swichi kuu, umwite fundi.

Pili, familia inayorudi katika nyumba iliyokaa tupu isiwashe umeme siku ya kwanza. Panya na mchwa wameingia, bati limevuja, na pengine wezi wamekata shaba. Fundi apime kwanza nyaya zote. Kama fedha ni kidogo, waya wa zamani uachwe bila umeme kabisa, na uvutwe mpya kwa taa mbili na prizi moja, wenye fyuzi yake. Chumba kimoja salama ni bora kuliko sita za mashaka.

Tatu, nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi. Fundi akiweza, aweke nondo ya ardhi na disjonkteri ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara tu unapovuja.

Nne, umeme wa SNEL ukikatika, chomoa friji na televisheni. Unaporudi, nguvu yake hupanda na kushuka kabla ya kutulia.

Tano, jenereta isiunganishwe na nyaya za nyumba bila swichi ya kuchagua upande mmoja. Bila hiyo, umeme wako unapanda kwenye laini na unaweza kumuua fundi anayeitengeneza. Na jenereta ikae nje, kwani moshi wake huua watu wakiwa wamelala.

Sita, kwa walio katika kambi: betri ya volti 12 haitampiga mtu, lakini nyaya zake mbili zikigusana zinaweza kuwasha turubai. Weka fyuzi karibu na betri.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata swichi kuu kwanza, au msukume kutoka kwenye waya kwa mti mkavu, nawe ukisimama mahali pakavu. Waya wa laini ukianguka barabarani, mkae mbali, mita 10 au zaidi, mzuie watoto, mkawaarifu SNEL na mkuu wa mtaa.

Wazee wanaokumbuka nyumba fulani iliungwa lini, na nani alipitisha waya gani baada ya vita, wawaambie vijana na mafundi sasa. Fundi akijua waya una miaka mingapi, anajua pia pa kuanzia kazi.