Jeraha la Mnyororo na Jeraha la Moyo



Juma hili tutafakari historia ya wanawake walioumizwa. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea kutoka kwa Wabelgiji ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Biashara ya watumwa ilikuwa ingaliko, na miongoni mwa waliokombolewa na misheni walikuwamo wanawake na watoto. Mwaka 1889 alifika huko Adriano Atiman, ambaye utotoni alitekwa katika eneo la Timbuktu, Mali ya leo, akakombolewa, akasomea uganga kisiwani Malta. Aliwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa hapa Sumbawanga ina jina lake.

Kidonda cha mnyororo kiliweza kuoshwa na kufungwa. Lakini mwanamke aliyeona nyumba yake ikichomwa na wanawe wakiuzwa, uganga wa zama zile ulikuwa na dawa gani ya usiku wake?

Mbali na kwetu, huko Lutindi katika milima ya Usambara, Wajerumani Waprotestanti walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliotolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuka kuwa hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili nchini. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma. Hivyo akili ikapata nyumba yake na mwili ukabaki na yake, na anayeugua vyote viwili akakosa pa kwenda.

Utengano huo haujaisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Mama aliyepigwa miaka mingi, akajificha katika gongo, akifika zahanati na maumivu ya kifua, ni rahisi aambiwe, "Ni pombe hiyo." Shinikizo la damu halipimwi, wala makohozi hayachunguzwi, ilhali ulevi huongeza hatari ya kifua kikuu, na pombe humdhuru mwanamke hata kwa kiasi kidogo kuliko mwanamume.

Mama yule wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 hakuponywa kimyakimya na kuachwa aende zake. Bwana alisimama katikati ya msongamano, akamsikiliza akieleza yote, akamwita binti.

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, tunaye dada tunayemwita mlevi au kichaa. Tumsindikize hospitali, tumsemee, tusiondoke mpaka apimwe mwili mzima na kuulizwa habari za moyo wake. Atiman, aliyekuwa mtumwa, aliwaganga watu wa kando ya ziwa kwa zaidi ya miaka 60; sisi tulio huru tunaombwa asubuhi moja tu.

Mungu awabariki.