Nguzo za Inga zilipita juu ya vijiji

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza: juu ya nini inchi yenye Inga inalala gizani? Wengine wakajibu mbio "ni vita", wengine "ni wizi". Vyote viwili viko, sikatai. Lakini tukirudi nyuma kidogo, tutaona kama giza yetu ilianza pia ofisini, na watu wenye diploma, wakati pesa ilikuwa ingali iko.

Inga I ilianza kazi mwaka 1972, megawati 351. Inga II ikafuata 1982, megawati 1.424. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa anahubiri habari ya nishati safi, lakini njo yenyewe: maji ya mto Kongo hayanunuliwi na hayaishi. Swali lilikuwa, umeme ule uende kwa nani? Leta ya Mobutu ilijibu kwa kuvuta waya kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, ili kulisha migodi ya shaba ya Gécamines. Wanahistoria wengi wanaona kama waya ule ulikuwa pia kamba. Katanga ilijitenga 1960 mpaka 1963, na mwenye kushika swichi kule Inga angeshika migodi pia.

Sasa musikie jambo ambalo mimi nililijua nikiwa tayari mwaka wa pili wa chuo, na liliniuma. Umeme wa ile laini unasafiri kwa mkondo mnyoofu. Huwezi kuukata njiani na kuupeleka kijijini bila kujenga kituo kikubwa cha kuugeuza, chenye bei kali sana. Walijenga viwili tu: kimoja Inga, kimoja Kolwezi. Basi mama wa kijiji aliona nguzo zikipita juu ya shamba lake la muhogo, na jioni akawasha taa ya petroli. Hiyo haikuwa ajali. Ilikuwa imechorwa hivyo kwenye plani.

Kisha shaba yenyewe ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka katika miaka ya 80, ikashuka chini ya 50.000 mwaka 1994. Mteja akakufa, deni likabaki. Mitambo ikakosa vipande vya kubadilisha. Miaka ya 2000, karibu nusu ya nguvu ya Inga ilikuwa imenyamaza.

Tuje kwa sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Hiyo ilivunja monopoli ya SNEL, ikafungulia mlango watu binafsi na majimbo. Ilisema pia kutakuwa shirika la kusimamia sekta na lingine la umeme wa vijijini, ARE na ANSER. Amri za kuyaunda zilitoka 2016. Viongozi wake? Waliteuliwa 2020. Hesabuni wenyewe.

Lakini tusiwe wavivu wa kusema "hakuna kitu". Huku Kivu ya Kaskazini, kituo cha maji cha Matebe, Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kilizinduliwa Desemba 2015. Na Goma, mtaa wa Ndosho, kituo cha jua cha megawati 1,3 kilianza 2020. Ni kidogo sana mbele ya Inga. Ila umeme wake unaingia kwa kinyozi, kwa kinu cha mahindi, kwa mwanafunzi. Tatizo ni bei: mwenye mshahara wa leo kwa leo anawasha ampuli, chakula anapika na makala, na sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka kwenye msitu wa Virunga.

Kwa hiyo nikisikia tena habari ya Inga III na megawati zake, mimi siulizi ni ngapi. Ninauliza laini itashukia wapi.