Mzaha Unaoiga: Historia Fupi ya Filamu za Vichekesho na Funzo Lake Darasani

Mwishoni mwa muhula mmoja, wanafunzi wetu wa mwaka wa pili waliandaa maigizo mafupi. Mmoja wao alisimama, akakunja uso, akasoma kwa sauti ya matangazo ya vifo redioni: familia ya Kozi ya Fonolojia inasikitika kutangaza kifo cha kipindi cha saa mbili asubuhi, kilichofariki ghafla kwa kukosa mhadhiri, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wa bwenini, popote walipo. Watu walivunjika mbavu. Baadhi yetu tulinuna. Lakini lililotukera zaidi tuliligundua baadaye: mwanafunzi huyo tulikuwa tumempa alama ya chini sana katika swali la rejesta.

Tukio hilo ndilo lililotupeleka kwenye historia ya filamu za vichekesho vifupi vinavyoiga televisheni na sinema kwa dhihaka. Filamu hizi zilishamiri Marekani katika miaka ya 1970, wakati televisheni ilikuwa imeingia karibu kila nyumba. Watazamaji walikuwa wamezijua kwa moyo sauti za wasoma habari, ahadi za matangazo ya biashara na upole wa vipindi vya watoto. Mwigo haumchekeshi mtu asiyekijua kinachoigwa.

Mwaka 1974 ilitoka The Groove Tube ya Ken Shapiro. Vichekesho vyake vilianzia katika ukumbi mdogo wa New York, ambako watu walilipa kiingilio kuja kutazama seti za televisheni. Katika kimojawapo, mchekeshaji wa watoto anawaomba watu wazima watoke chumbani. Wakishatoka, anawasomea watoto kitabu cha mambo ya chumbani, kwa sauti ileile ya hadithi ya sungura na fisi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, ikafuata The Kentucky Fried Movie, iliyoongozwa na John Landis. Waandishi wake walikuwa ndugu wawili, David na Jerry Zucker, pamoja na rafiki yao Jim Abrahams. Walianza na kikundi cha maigizo mjini Madison, Wisconsin, mwaka 1971, kisha wakahamia Los Angeles. Kampuni kubwa za filamu ziliwakataa. Wakapiga wenyewe filamu ya majaribio ya dakika kumi, na kwa hiyo wakapata wafadhili. Filamu nzima iligharimu takriban dola 650,000. Ndani yake msoma habari anajitokeza mara kwa mara. Safari moja anatangaza kwa uso mkavu kwamba hakuvaa suruali, na kwamba picha zitaonyeshwa saa tano usiku. Sehemu yake ndefu inaiga Enter the Dragon ya Bruce Lee, ya mwaka 1973.

Jambo la kuvutia kwa mtafiti ni namna walivyokusanya data. Walikuwa wakirekodi televisheni usiku kucha ili wapate matangazo ya biashara ya kuyaiga. Katika kurekodi huko wakanasa kwa bahati filamu ya zamani kuhusu ndege iliyopata balaa, Zero Hour! ya mwaka 1957. Wakanunua haki zake, wakazaa Airplane! mwaka 1980. Humo waliwaita waigizaji waliojulikana kwa nafasi za kikakamavu, kama Leslie Nielsen, wayaseme maneno ya kipuuzi bila kutabasamu.

Utanzu wa vipande vifupi ulififia katika miaka ya 1980. Amazon Women on the Moon ya mwaka 1987, yenye waongozaji watano, haikuvuma. Kwa maoni yetu, sababu moja ni kwamba tangu Oktoba 1975 kipindi cha Saturday Night Live kilikuwa kikitoa mzaha wa namna hiyo nyumbani, bila kiingilio.

Hatusemi filamu hizi zionyeshwe darasani zima zima. Zina uchi na matusi, na mara nyingine zinawakejeli wanyonge badala ya wakubwa. Mwalimu achague. Hata hivyo, mbinu yake ni hazina kwetu. Anayeiga rejesta kwa dhihaka hana budi kuidhibiti: msamiati, mpangilio wa sentensi, hata mahali pa kuvuta pumzi. Mwanafunzi wetu alivijua vyote hivyo. Sisi tulikuwa tumemtaka ataje sifa tano za rejesta, naye akataja mbili.

Tangu hapo swali letu limebadilika. Tunampa mtahiniwa tukio dogo la chuoni, mathalani kukatika kwa maji bwenini, tunamtaka alieleze kama mtangazaji wa mpira, kisha kama hakimu, halafu afafanue alichokifanya. Baadhi ya majibu yanatulenga sisi wenyewe. Tunayasahihisha kwa haki, na tukishamaliza tunacheka.