Nani Aliyeleta Ugonjwa Bandani? Historia Fupi ya Ramani za Mafua ya Ndege

Mwezi Februari 2006 virusi vya H5N1 vilithibitishwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Vilionekana jimboni Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, katika shamba la biashara lenye makumi ya maelfu ya kuku, wala si katika kibanda cha mwanakijiji mwenye majike matatu na jogoo. Hata hivyo, vidole vingi vilielekezwa angani. Ilisemekana kwamba mabata wahamao walikuwa wamevuka Sahara, wakatua katika ardhi oevu za kaskazini na mauti ubawani.

Ninaianzia historia hii hapo kwa sababu swali la nani aliyeleta ugonjwa bandani halijawahi kuwa la kisayansi tupu. Akitiwa hatiani ndege wa porini, hakuna wa kushtakiwa: hana leseni, hana wakala wa forodha, halipi fidia. Akitiwa hatiani mwagizaji wa vifaranga, hapo pana mpaka usiolindwa na pana mtu mwenye jina. Mwaka huohuo shirika la GRAIN lilichapisha ripoti iliyodai kuwa kiini cha janga ni ufugaji wa viwandani, na kwamba wafugaji wadogo wanabebeshwa mzigo usio wao. Waliowashuku ndege nao hawakukosa hoja. Mei 2005 maelfu ya ndege wa porini, wengi wao bata bukini, walikuwa wamekufa katika Ziwa Qinghai nchini China, na miezi iliyofuata virusi vya ukoo huo vikajitokeza magharibi zaidi, hadi Ulaya.

Katikati ya mabishano hayo ndipo modeli za hisabati zilipoingia. Mwishoni mwa 2006 Marm Kilpatrick na wenzake walichapisha hesabu ambayo mantiki yake hata karani wa forodha angeielewa. Kwa kila nchi walikadiria ni ndege wangapi huingia kwa biashara ya kuku, wangapi kwa biashara ya ndege wa porini, na wangapi kwa kuruka wenyewe. Kisha ni sehemu gani yao huenda ikawa imeambukizwa, na kila mmoja hutoa virusi kwa siku ngapi. Matokeo yaliwekwa kando ya ushahidi wa vinasaba. Barani Asia, kati ya nchi 21 zilizoingiliwa, 9 zilielekea kuupata ugonjwa kwa biashara ya kuku na 3 kwa ndege wahamao. Ulaya, nchi 20 kati ya 23 ziliupata kwa ndege wahamao. Afrika ilikuwa na nchi 8: mbili kwa biashara, tatu kwa wahamao, na zilizosalia hazikubainika. Uchunguzi mwingine wa vinasaba ulionyesha kuwa nchini Nigeria kwenyewe virusi viliingia zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kila upande ulipata kitu cha kunukuu, na ulinukuu.

Lakini kuingia nchini si kuingia bandani. Hatua hii ya pili ndiyo inayomgusa mfugaji, na somo lake bora ninalolifahamu linatoka Thailand. Nchi hiyo ilikumbwa mwaka 2004, na mamilioni ya kuku wakachinjwa. Mtu angetarajia ugonjwa ufuate ramani ya kuku: palipo na kuku wengi, pawe na vifo vingi. Haikuwa hivyo. Marius Gilbert, mtaalamu wa epidemiolojia kutoka Ubelgiji, na wenzake walipopanga takwimu za milipuko juu ya picha za setilaiti, waliona ugonjwa ukifuata mashamba ya mpunga yanayovunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mabata wanaoachiwa humo kuokota punje baada ya mavuno. Mabata hao husafirishwa kwa malori kutoka bonde hadi bonde. Wengi huweza kubeba virusi bila kuugua, na hushiriki maji na ndege wa porini. Hivyo daraja kati ya pori na banda lilikuwa bata wa kufugwa, juu ya lori, katika kalenda ya mkulima. Modeli isiyojua mpunga huvunwa lini isingemwona kamwe.

Majibu haya nayo yana tarehe zake. Nchini Marekani, katika janga la 2014 na 2015 lililoangamiza ndege takribani milioni 50, wachunguzi wa serikali walikadiria kuwa asilimia kama 70 ya maambukizi yalitoka shamba hadi shamba, kwa magari, vifaa na watu. Mwaka 2022, baada ya virusi kubadilika na kustawi miongoni mwa ndege wa porini, uwiano uligeuka, na mashamba mengi yaliambukizwa moja kwa moja kutoka porini. Mwanaharakati anayerudia leo hoja za 2006 bila kuangalia tarehe anawapa wapinzani wake ushindi wa bure.

Kwetu, ugonjwa uligonga hodi Januari 2017, pale buabua wenye mabawa meupe, wageni wa kila mwaka kutoka kaskazini, walipokutwa wamekufa Lutembe karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Virusi vilikuwa vya H5N8, na vilipatikana pia kwa kuku na mabata wa kufugwa huko Masaka. Kenya ilizuia mara moja kuku kutoka Uganda. Sikosoi uamuzi huo. Serikali yoyote ingefanya hivyo. Ninachouliza ni kama tungeweza kuchora ramani ya yale yanayofuata baada ya buabua kutua. Njia za ndege wahamao tunazijua vizuri, maana watafiti wamezifuatilia kwa miongo mingi. Njia ya tenga la kuku wa kienyeji linalopakiwa kwenye paa la basi Singida na kushushwa Dar es Salaam iko wapi kwenye kompyuta? Sehemu yake iko katika vitabu vya vibali vya kusafirisha mifugo, kwenye ofisi za wilaya, kwa mwandiko wa kalamu. Watumishi wa umma mnaonisoma mnavijua vitabu hivyo, na mnajua pia ni matenga mangapi hupita bila kuandikwa humo.